Mahindi Mabovu Si Chakula cha Mbwa

Kuna komenti mbili ambazo hunifuata kila nikiweka video ya sufuria ya Bosco. Ya kwanza hutoka huku huku nyumbani, Kericho na Bomet: “Watu wanalala njaa na wewe unapikia mbwa.” Ya pili hutoka Nairobi, kwa wale wenye mbwa wa manyoya marefu wanaooshwa na shampuu: “Ugali si chakula cha mbwa. Kama huwezi kununua cha mfuko, usifuge.” Hawa watu hawajuani, na wakikutana sidhani wataelewana hata kuhusu chai, lakini kitu kimoja wamekubaliana: kwamba mjinga ni mimi. Sawa. Leo nawajibu wote, na naanza na wa Nairobi kwa sababu kesi yenu ni nyepesi.

Wasee, Bosco ni mbwa wa kienyeji, wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Ana kilo ishirini hivi. Nilimtia kwenye gunia nikampima kwa mzani wa majani chai pale kituoni, karani akacheka mpaka wamama waliokuwa kwenye foleni wakaanza kulalamika. Kazi yake ni kulinda ng'ombe usiku, na anaifanya vizuri kuliko taa ya sola tuliyonunua. Mfuko mkubwa wa chakula cha mbwa kutoka nje niliouliza bei mjini ungemeza pesa ya wiki nzima ya mchuma chai na bado ungedai nyongeza. Na mnajua vile bonasi ya 2025 iliwaacha wakulima wa huku wakinung'unika, wakilinganisha na wenzao wa upande wa Mlima Kenya. Sasa uende umwambie mzee wa Konoin, ambaye bonasi imeishia kwa karo, kwamba mbwa wake hali vizuri kwa sababu hanunuliwi biskuti kutoka Ulaya. Nitakusindikiza hadi langoni. Ndani utaingia peke yako.

Halafu hiyo hoja yenu ya “mbwa ni mbwa mwitu, anataka nyama tu.” Hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala huko Uswidi, wakiongozwa na Erik Axelsson, walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature. Walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu. Jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, mbwa mwitu anayo nakala mbili tu. Mbwa wa nyumbani ana kuanzia nne hadi thelathini. Yaani huyu mnyama amekaa na wakulima muda mrefu hadi tumbo lake likazoea chakula chao. Ugali ulioiva anausaga vizuri. Shida ya ugali iko kwingine na nitaifikia.

Na huo mfuko wenu si wa zamani hivyo. Mmarekani aliyeitwa James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa London katika miaka ya 1860. Kabla ya hapo mbwa wengi walikula kilichotoka kwenye jiko la mtu. Wala mfuko si hakikisho. Mwaka 2007 Marekani na Canada walirudisha viwandani mamilioni ya makopo na mifuko kwa sababu protini ya ngano kutoka Uchina ilikuwa imetiwa melamini, na mbwa na paka wakafa figo. Mwisho wa 2020 ikawa tena, safari hii sumu ya ukungu kwenye mahindi ya chakula cha mifuko, na kufikia Januari 2021 mamlaka ya Marekani ilikuwa imepokea ripoti za zaidi ya mbwa 110 waliokufa. Mahindi. Mwenye kusoma hapa kutoka Sotik aliweke hilo neno mfukoni, tutalirudia.

Lakini msishangilie bado nyinyi wa timu sufuria, maana kuna mahali watu wa mfuko wana haki. Mwaka huo huo wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichukua mapishi 200 ya mbwa kutoka vitabuni na kwenye intaneti, mengine yameandikwa na madaktari wa mifugo wenyewe, wakayapima. Karibu asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Yaliyokamilika yalikuwa tisa. Tisa kati ya mia mbili! Kwa hivyo yule mrembo wa video za sekunde thelathini anayekuambia “mpe wali na kuku, maliza na karoti, mbwa atang'aa” hajakusaidia chochote. Karoti ni ya kamera.

Kinachokosekana sana sana kwa sufuria ya nyumbani ni kalisi, ile ya mifupa. Nyama na ugali zote zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na mwili wa mbwa ukikosa kalisi kwa chakula unaikopa kutoka kwa mifupa yake. Ndiyo maana unaona mtoto wa mbwa hapa kijijini amelishwa ugali mtupu na maji ya nyama, miguu imepinda kama upinde, na watu wanasema amerogwa ama ni uzao mbaya. Hajarogwa. Ana njaa ya mifupa na tumbo limejaa.

Sasa sisi wa huku tuna jibu ambalo Ulaya hawana, na jibu ni omena. Sondu iko pale chini, soko ambalo ng'ombe na maziwa ya Wakipsigis hukutana na samaki wa Ziwa Victoria. Omena huliwa mzima, na mifupa yake midogo yote, kwa hivyo ukimpa mbwa konzi ya omena umempa protini na kalisi kwa wakati mmoja. Usinunue wale wa makapi waliochanganywa na mchanga, ama uwaoshe mara tatu. Kama omena hakuna, maganda ya mayai: yaoshe, yakaushe jikoni, yasage yawe unga laini kabisa, nusu kijiko cha chai kwa siku kwa mbwa wa saizi ya Bosco.

Vipimo vyangu, kwa wale wanaouliza kila wiki kama hamuoni video. Mbwa wa kilo ishirini anayefanya kazi ya kawaida anahitaji kama kalori elfu moja kwa siku. Mimi natumia unga wa mahindi safi gramu 150, ambao ni kama kikombe kimoja cha chai kilichojaa. Mapafu ya ng'ombe robo kilo kasoro. Omena konzi moja, kama gramu 50. Kijiko cha mafuta ya kupikia. Mboga yoyote iliyobaki shambani, majani ya malenge ama sukuma, nikikata ndogo. Naanza na mapafu na omena kwa maji mengi, yakiiva kabisa natia mboga, halafu unga, nasonga ugali laini kama wa mtoto. Maini nampa kipande mara moja kwa wiki, si kila siku, kwa sababu vitamini A ikizidi inamdhuru. Mayai mawili kwa wiki, kuku wakikubali. Hesabu yote kwa siku, soo haiishi. Sijasema sufuria hii imekamilika kama zile tisa za California. Zinki na vitamini E bado ni za kubahatisha, na ndiyo maana Bosco hupelekwa kwa daktari wa mifugo akachunguzwa. Nasema tu kwamba inashinda kile mbwa wengi wa hapa wanakula, na inashinda mbali.

Na niliposema mapafu yaive kabisa, simaanishi yaguswe na moto. Hapa naomba msisonge mbele haraka. Ukienda kwa bucha utaona mapafu ama maini yenye vifuko vya maji, meupe, kama malengelenge. Mkaguzi wa nyama huyatenga, lakini mnyama akichinjwiwa nyumbani hakuna mkaguzi, na hivyo vipande hutupiwa mbwa vikiwa vibichi. Ndani ya hivyo vifuko kuna vichwa vya tegu. Mbwa akila, tegu wanakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwa manyoya, kwa nyasi, kwa mikono ya mtoto anayecheza naye. Mtoto akimeza, vifuko vile vile vinaanza kukua ndani yake, kwa ini ama kwa mapafu, polepole, miaka hata miaka, na mara nyingi kazi huishia kwa kisu cha upasuaji. Turkana walikuwa na huu ugonjwa kwa viwango vya juu kabisa duniani, hadi AMREF wakaweka mpango mzima wa kupambana nao katika miaka ya 1980. Kipande chenye vifuko usimpe mbwa hata kimepikwa: choma kabisa ama zika kwa kina. Kilicho safi, chemsha. Tena mpe mbwa dawa ya minyoo. Kwa hiyo anayeniambia “mbwa ni mnyama, mtupie tu mbichi” amesahau kwamba huyo mbwa analala kwa veranda ambapo watoto wake wanakula.

Mengine ya haraka. Kitunguu na kitunguu saumu, hapana, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na viungo vya pakiti vimejaa kitunguu. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hapana, huvunjika kama vipande vya glasi. Makadamia, kwa wale mmeanza kuipanda kando ya chai, hapana. Na chai yenyewe, jamani. Najua ndiyo inatulisha wote huku, lakini kafeini ni sumu kwa mbwa. Kumwagia mbwa masalio ya birika pamoja na majani yake si ukarimu.

Haya. Nimemaliza na Nairobi. Sasa tuongee sisi kwa sisi.

Huku kwetu mahindi yakivunwa, wamama hukaa chini na kuyachambua. Mazuri upande huu, ya kuoza upande ule. Yale ya kijani kijani, meusi, yenye ukungu, hutiwa kwa gunia peke yake, na ukiuliza unaambiwa bila mtu kupepesa jicho: “Hayo ni ya mbwa na kuku.” Yanapelekwa kwa mashine ya kusaga siku yake, yanarudi unga, mbwa anasongewa ugali wa rangi ya majivu. Kila boma. Hata kwa watu wa kanisa, hata kwa walimu.

Jirani yetu mmoja alikuwa na mbwa wawili wazuri kuliko Bosco, nakiri. Msimu uliopita mvua ilikataa kuacha mahindi yakauke. Mbwa wakaanza kukataa chakula, wakatapika, macho na fizi zikawa za manjano, mmoja akaharisha damu. Walikufa ndani ya wiki moja. Kijiji kizima kilisema ni sumu ya wezi, eti kuna watu wanapanga kuja kuchukua ng'ombe. Wazee wakalinda usiku tatu na marungu kwenye baridi ya Kericho, ile mnaijua. Wezi hawakuja. Na gunia lilikuwa pale pale stoo. Hakuna aliyepima huo unga, kwa hivyo siwezi kuapa mahakamani. Lakini daktari wa mifugo aliyeitwa, akiwa amechelewa tayari, aliuliza swali moja tu: “Mliwalisha nini?”

Hiyo sumu inaitwa aflatoksini, ama sumu kuvu. Inatengenezwa na ukungu kwenye mahindi yasiyokauka, na inaua ini. Kuchemsha hakuitoi. Kusonga ugali mgumu hakuitoi. Kusaga ndiyo kabisa, inasambaza mbovu kwenye zuri. Mbwa ni kati ya wanyama wanaoanguka haraka zaidi kwa sumu hii. Na Kenya haijaanza kujua leo: mwaka 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret, na chanzo kilikuwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 ikawa zamu ya watu, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani. Wagonjwa 317, waliokufa 125. Binadamu, si mbwa.

Kogo wangu nilipomwambia haya alinitazama kwa muda akasema, “Wee chepto, kwani tutupe chakula?” Nikamwambia, kogo, si chakula. Akasema basi atawapa ng'ombe. Na hapo ndipo nilikaa chini, kwa sababu hapo ndipo watu wote huishia. Kogo, ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake inapita hadi kwa maziwa. Maziwa yanaenda kwa sotet, yanakuwa mursik, na mursik inanywewa na nani? Hakunijibu. Aliondoka akaenda kuangalia kuku. Lakini gunia la msimu huu lilichimbiwa shimo mbali na mto, na sikulichimba mimi.

Sasa ile komenti ya njaa. Sitaicheka, kwa sababu si ya kuchekwa. Najua nyumba hapa ambazo jioni ni chai ya rangi na kulala. Kama mtu wa nyumba hiyo ananiambia nimpe yeye ile konzi ya omena, ana haki, na mama yangu huwapelekea zaidi ya konzi bila kupiga video. Lakini angalieni ni nani hasa huandika hiyo komenti. Huandikwa na mtu ambaye ana mbwa watatu nyumbani! Amewafunga mnyororo mchana kutwa, anawataka walie usiku mtu akipita, na jioni anawatupia maji ya kuoshea sufuria. Wewe hujanunua chakula cha maskini kwa kumnyima mbwa wako. Umemnyima mbwa tu. Kama hutaki kulisha mlinzi, usiajiri mlinzi, nunua kufuli. Hata sheria ya nchi haikuungi mkono: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu mwenye mnyama anayemwacha afe njaa kuwa mkosaji.

Na mbwa mwenye njaa halali nyumbani. Anaingia barabarani, anazunguka bucha, anangoja kituo cha majani chai, anapigania utumbo na mbwa wa vijiji vitano. Akiumwa huko na mwenye kichaa, anakirudisha kwako. Mtoto wa hapa karibu aliumwa asubuhi akienda shule, na mbwa ambaye kila mtu alimjua na hakuna aliyesema ni wake. Zahanati ya kwanza chanjo haikuwa. Ya pili haikuwa. Ilibidi mamake akope nauli na pesa ya sindano. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, kwa hivyo huyo mama alikuwa anashindana na saa. Mtoto yuko sawa. (Ukiumwa: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu kimbia ukachanjwe siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa.)

Serikali ilianzisha mkakati wake mwaka 2014, ukilenga kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Njia yenyewe ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka. Sawa, lakini nani atawashika? Siku ya chanjo nimeona wanaume wazima wakikimbizana na mbwa wao wenyewe katikati ya michai, mbwa ambaye hajawahi kuguswa na mkono wa mwenye boma ila kwa jiwe. Bosco alikuja kwa kuitwa jina. Alidhani ni chakula. Alidungwa sindano akiwa bado ananusa mfuko wangu wa koti, na muuguzi wa mifugo akaniandikia kadi nikiwa wa kwanza kwenye foleni.

Mtasema nimesomea wapi haya yote, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili. Nimeyasoma kwa simu hii hii mnayotumia kunitukana. Komenti ziko wazi. Wenye watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita, msinakili vipimo vya Bosco, hao mahitaji yao ni mengine na makosa yake hayarekebishiki. Ulizeni daktari wa mifugo wa wadi yenu. Jumamosi naenda Sondu kutafuta omena. Anayetaka twende pamoja, matatu ya saa kumi na mbili.